Kulala kwenye Gari na Kuendeshea Mafuta ya Shambani: Tupige Hesabu Kabla Hujauza Ng'ombe



Tangu mavuno yaanze nimeulizwa swali lilelile kwa namna nyingi, na najua limetoka wapi. Kuna video zinazunguka kwenye simu zenu. Mzungu kahamia ndani ya gari la aina ya Hiace, kaweka kitanda, jiko dogo, sola juu ya paa. Halafu anazunguka nyuma ya hoteli, anapewa dumu la mafuta yaliyokaangiwa chipsi, anayachuja, anayamimina kwenye tenki, safari inaendelea. Kodi ya nyumba halipi, sheli hasimami. Kijana wetu anayelala gesti Mwanza akisubiri vitunguu vyake vinunuliwe anaangalia ile video anasema: mbona alizeti tunalima wenyewe?

Swali ni zuri na linastahili jibu la hesabu, si la kucheka. Naliandikia hapa kwa sababu kuna kijana mmoja, mkulima mzuri tu wa vitunguu, tayari ana mteja wa ng'ombe wake wawili. Anataka kununua Noah, kisha ekari moja na nusu ya mahindi aigeuze iwe ya mbono kaburi ili apate mafuta ya kuliendeshea. Ng'ombe wawili na mahindi ya familia. Hapo mura, lazima tukae chini kwanza.

Kwenye ile video kuna mambo mawili yamefungwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni kulala kwenye gari. La pili ni kuliendesha kwa mafuta mbadala. Msimamo wangu niuseme mapema: la kwanza linalipa hata huku kwetu, tena vizuri. La pili, kwa gari la mkulima wa Mara leo, halilipi.

Injini yenyewe inasemaje

Watu wanadhani kuendeshea mafuta ya mimea ni uvumbuzi wa mtandaoni. Hapana. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel, ndiye huyo aliyetuachia jina la dizeli, iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haiwezekani. Inawezekana.

Tatizo la kwanza ni uzito wa mafuta. Mafuta ya alizeti yakiwa ya baridi ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli. Pampu inayasukuma kwa shida, nozeli badala ya kuyarusha kama ukungu inayatema kama matone, hayaungui yote, yanaacha masizi magumu kwenye nozeli na kwenye ringi za pistoni. Mengine yanateremka hadi kwenye oili ya injini na kuifanya kama uji. Ndiyo maana wale wa kwenye video hawamimini tu. Gari lao lina matenki mawili. Wanawasha kwa dizeli, maji ya moto ya rejeta yanapita kwenye bomba la kupashia mafuta mpaka yafike nyuzi 70 au 80, ndipo wanahamia kwenye mafuta ya mimea. Kabla ya kuzima wanarudi tena kwenye dizeli kusafisha mfumo. Sasa fikiria asubuhi ya Tarime na baridi yake, halafu safari yenyewe ni ya kilomita tano kwenda shambani. Unafika kabla mafuta hayajapata moto.

Tatizo la pili ni aina ya injini. Noah nyingi zilizopo huku ni za petroli, Kirikuu vilevile. Injini ya petroli haichomi mafuta ya alizeti hata uyachemshe vipi. Kwa hiyo yule kijana wetu mpango wake ulishakwama kabla hata ya kufika shambani. Kwenye dizeli, zile injini za zamani za Toyota kama 2L, 3L, 5L na 1HZ, ambazo mafuta hurushwa kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni, zina uvumilivu kidogo. Hizi mpya za komoni reli zenye presha kubwa, usijaribu kabisa. Pampu na nozeli zake zikiharibika, utauza ng'ombe wengine.

Kuna watakaosema, basi tutengeneze biodizeli yenyewe. Biodizeli inatengenezwa kwa kuchanganya mafuta na methano pamoja na magadi makali ya kiwandani. Methano ni sumu inayopofusha na kuua, na inashika moto upesi. Hiyo si kazi ya jikoni wala ya stoo ya mbegu. Nimemaliza.

Alizeti yako ikuendeshe hivi

Tuseme una injini inayofaa na fundi anayejua kazi. Twende kwenye hela.

Ekari moja ya alizeti, kwa kilimo cha kawaida cha wengi wetu, tuhesabu kilo 400. Tukichukua kilo 4 kwa lita moja, unapata lita 100. Hiace ya dizeli iliyobeba mzigo tuipe kilomita 9 kwa lita. Kwa hiyo ekari nzima, kulima, kupanda, kupalilia, kufukuza ndege, kupiga na kukamua, inakupa kilomita 900. Kwenda Mwanza na kurudi ni karibu 600. Yaani ekari moja ni safari moja na nusu.

Sasa yachukue mafuta yaleyale uyauze kama mafuta ya kula. Weka bei ya kwenu ya wiki hii. Mimi kwa mfano naweka shilingi 5,000 kwa lita, na dizeli shilingi 3,000. Lita 100 zinakupa 500,000. Ukienda nayo sheli unapata lita 166 za dizeli, na hizo zinakupeleka karibu kilomita 1,500. Mashudu unabaki nayo kwa vyovyote vile, na injini haijaguswa.

Mafuta ya alizeti yatakupeleka mbali zaidi ukiyauza kuliko ukiyachoma. Ili hesabu igeuke, bei ya dizeli ipite ya mafuta ya kula. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tarime na Mugumu zimo kwenye orodha, kwa hiyo fuatilia mwenyewe. Hata mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta mpaka serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, mafuta ya kula nayo yalipanda. Havikupishana.

Na yule wa kwenye video? Kwake iliwezekana kwa sababu mafuta yale yalikuwa taka. Hoteli ilikuwa inatafuta mtu wa kuyaondoa. Uingereza tangu 2007 mtu anaruhusiwa kutumia mpaka lita 2,500 za mafuta ya mimea kwa mwaka bila kulipa ushuru wa mafuta, na dizeli yao ina ushuru mzito. Huku kwetu nani atakupa dumu la mafuta ya chipsi bure? Muuza chipsi anakaangia mpaka yawe meusi, na yakibaki kuna anayeyanunua. Hata hukohuko Ulaya na Marekani, viwanda vya biodizeli vilipoanza kununua mafuta machafu, yale madumu ya bure yakapungua, na Marekani wezi wakaanza kuyaiba nyuma ya mahoteli.

Mbono kaburi tulishauona

Hapa nataka nikae kidogo, maana wengi wenu mlikuwa wadogo. Miaka ya kati ya 2000 nchi hii iliambiwa mbono kaburi, ule wa uzio na wa makaburini, ni dhahabu ya kijani. Hauliwi, kwa hiyo haugombani na chakula. Hauhitaji maji, unamea kwenye ardhi mbovu. Mwisho wa mwaka 2008 shirika la ndege la Air New Zealand lilirusha ndege ya majaribio ambayo injini moja ilitumia mafuta yaliyochanganywa na ya mbono, na sehemu ya mbegu zilitoka Tanzania. Mtu ukisikia hivyo utaacha kupanda?

Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11. Mwaka 2011 ikaanguka, ajira zikaisha, na wanakijiji wakabaki wanauliza ardhi yao. Kilwa, kampuni ya BioShape ya Uholanzi nayo ikafilisika. Arusha, Diligent iliyokuwa inanunua mbegu za uzio kwa wakulima wadogo, hii ilikuwa na mpango wa heshima zaidi kwa sababu haikuchukua ardhi ya mtu, nayo ikafunga. Serikali ilitoa mwongozo wa nishati mimea mwaka 2010, wakati upepo tayari unageuka.

Nini kilitokea? Mmea ule kweli haufi kwenye ardhi mbovu. Lakini kutokufa na kuzaa ni vitu viwili. Bila mvua ya kutosha na mbolea hauzai vya kutosha, na ukiupa ardhi nzuri na mbolea, basi umeshauondolea mahindi nafasi yao. Matunda hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo unachuma kwa mkono mara kwa mara. Mashudu yake yana sumu, ng'ombe hali.

Ukiwa nao kwenye uzio, uache, ni uzio mzuri, mbuzi hawaugusi. Mita moja ya uzio hukadiriwa kutoa kama kilo 0.8 za mbegu kwa mwaka. Mita 100 ni kilo 80. Kwa kilo 4 mpaka 5 kwa lita, unapata lita 16 mpaka 20. Kwa mwaka mzima. Shika hiyo namba, tutairudia.

Mafuta haya yalipofaa zaidi ni kwenye mashine iliyokaa sehemu moja. TaTEDO walifunga mashine za aina hiyo Engaruka kule Monduli na Leguruki kule Arumeru: injini nzito ya mtindo wa Lister, ya mwendo wa polepole, inayosaga, kukamua na kutoa umeme wa taa. Injini ile inavumilia, na ikisumbua fundi yuko hapohapo kijijini, hujakwama porini kati ya Nyamwaga na Mugumu na gunia tisa za vitunguu usiku.

Gesi na umeme

Gesi asilia kwenye magari ipo na ni nafuu kweli. DIT wanabadilisha magari, bajaji nyingi za Dar es Salaam zinaitumia. Lakini vituo vingi viko kule Dar es Salaam na ukanda wa pwani, na bomba la Songosongo halijafika Mara. Ukifunga mtungi leo, utaujazia wapi? Subiri.

Gesi ya samadi je? Ng'ombe mmoja akilala zizini anaacha kama kilo 10 za samadi. Watano ni kilo 50. Kilo moja hutoa kama lita 40 za gesi, kwa hiyo unapata mita za ujazo 2 kwa siku, ambazo nguvu yake ni kama lita moja ya dizeli. Inatosha kupikia familia na kubaki. Kuiweka kwenye gari ni kesi nyingine: uisafishe, uikandamize kwa presha mara 200 ya hewa ya kawaida, kwa mtungi maalumu. Uingereza wakati wa vita kuu kuna magari yalibeba gesi ya mjini kwenye mfuko mkubwa juu ya paa, kama godoro. Hebu piga picha Hiace ya hivyo inapita Sirari. Pikia nyumbani, mkaa na kuni utakazoacha kununua ndiyo faida yako, na tope linalobaki ni mbolea nzuri ya migomba.

Umeme ndio umenishangaza zaidi, kwa sababu uko jirani. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Masai Mara, kambi ya Emboo inatumia Land Cruiser zilizobadilishwa kuwa za umeme na Opibus ya Nairobi, siku hizi inaitwa Roam, zikichajiwa kwa sola. Zinafanya kazi kwa sababu zinazunguka karibu na jioni zinarudi palepale kwenye chaja. Safari yako ya Mwanza ni karibu kilomita 300 kwenda tu. Bado.

Na yale madumu yanayovuka kwa pikipiki kutoka Isebania, naomba tuelewane, hayo si mafuta mbadala. Ni magendo.

Godoro linalipa

Sasa tuje kwenye lile la kwanza. Mkulima anayepeleka mzigo mwenyewe Mwanza hukaa usiku mbili au tatu. Gesti ya 15,000 kwa usiku tatu ni 45,000. Kwa dizeli ya 3,000 hiyo ni lita 15. Yaani kwa safari moja, godoro la inchi nne limekupa mafuta karibu sawa na uzio wa mbono wa mita 100 kwa mwaka. Ukienda mara nne kwa mwezi msimu wa mavuno, ni 180,000.

Lakini faida kubwa kuliko gesti ni bei. Dalali anajua mkulima wa mbali ana haraka. Anajua jioni utataka kushusha mzigo, ulipie chumba, ule, urudi. Anakusubiri. Ukiwa unalala na mzigo wako, jioni si mwisho wa dunia. Unasubiri soko la alfajiri, unaongea na wanunuzi watatu badala ya mmoja, na hulipi mlinzi wa kulinda gunia. Shilingi 5,000 ikiongezeka kwa kila gunia kwenye gunia tisa, umepata 45,000 nyingine.

Kwa nini nasema gunia tisa? Hiace inabeba kama tani moja. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru wa mazao. Gunia tisa za kilo mia zinakuacha chini ya mstari, na nafasi ya godoro inabaki. Beba karatasi ya kijiji inayoonyesha ni mazao yako. Na usirudi tupu: kusanya hela za majirani kabla hujaondoka, rudi na mbolea na mbegu zao, wakuchangie mafuta.

Vifaa visikutishe. Godoro, chandarua, tochi, dumu la maji safi. Sola ya wati 50 na betri yake ya pembeni zinatosha taa na simu. Usitumie betri ya gari, asubuhi litagoma kuwaka. Egesha penye taa na watu, kwenye sheli au maegesho ya malori, omba ruhusa na mpe mlinzi chochote. Dada zangu, nendeni wawili wawili kwa magari mawili mkiweza, na mtu nyumbani ajue mmeegesha wapi. Masika barabara zetu huku ndani mnazijua, mzigo utoke shambani kabla mvua haijachanganya.

Sasa yanayoua, na hapa sitaki utani.

Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata kama kuna baridi. Moshi wake usioonekana wala kunuka unakulaza usiamke. Hivyo hivyo kuacha injini inawaka ukiwa umefunga vioo.

Usilale na nafaka iliyowekewa vidonge vya kufukizia, vile wengi mnaviita Phostoxin. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, ndiyo inayoua dumuzi, na haichagui dumuzi na mtu. Kama umefukiza, mahindi yakae nyumbani siku zake kama lebo inavyosema, uyapepee, ndipo upakie. Na ukiwa umebeba mahindi usiyoyajua historia yake, umemsaidia jirani, lala nje ya gari.

Viuatilifu na madumu ya petroli havisafiri pamoja na godoro. Kama gari lilibeba dawa ya kunyunyizia likamwagika, osha sakafu kwa sabuni na uache milango wazi siku nzima juani kabla hujalala humo. Acha kioo kimoja wazi kidogo kila usiku, chandarua kitazuia mbu.

Kwa wale wenye magari ya dizeli na hamjui injini zenu ni za aina gani, nitumieni picha ya lile bati la chini ya boneti lenye namba ya injini. Wiki ijayo nitaandika kuhusu kukausha vitunguu kabla ya safari, maana kuna mzigo niliuona juzi umepakiwa shingo bado mbichi.